Tuulize majina mapema



Mwaka 1965, huko Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha watu wa kule, jinsi maboi wa nyumba za wazungu walivyoiona. Zilikuwa karatasi tu zilizopigwa kwa mashine, zingeweza kupotea. Mtaalamu Johannes Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1990, na baadaye maandishi yale yakawekwa kwenye intaneti. Leo mtoto wetu mwenye simu anaweza kuyasoma.

Nikifikiria hayo, najiuliza: na habari za wamama ziko wapi? Nyimbo za arusi, safari za sokoni, likelemba za kwanza? Nyingi ziko katika kaseti na albamu chini ya kitanda. Sisi wa Goma tunajua maana yake. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, mama alibeba mtoto na sufuria, albamu ikabaki.

Watunzaji wa maktaba na makumbusho wana kanuni yao: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali. Hata sisi tunaiweza. Piga picha kila ukurasa wa albamu mchana, karibu na dirisha. Nakala moja ibaki kwenye simu, ya pili kwenye flash, ya tatu mtumie ndugu aliye Bukavu au Kampala. Albamu yenyewe usiitupe.

Lakini simu haijui majina. Mama mkwe wangu ana picha ya wanawake 7 wa likelemba yake ya zamani. Tulipokaa nayo, alitaja 5, na kila mmoja na kijiji chake. Wale 2 alinyamaza, akawapitisha kidole usoni. Wenzake wote wamekwisha kufa, hakuna wa kumuuliza tena. Picha yao nimeitunza vizuri, ila wao wenyewe wamepotea.

Kwa hiyo, dada zangu, tuanze na wazee. Mwulize: huyu ni nani, mwaka gani, wapi? Andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, polepole. Rekodi sauti yake akisimulia. Kazi ya kutuma nakala watoto wataifanya hata mwaka ujao. Ya kuuliza majina tuifanye juma hili.