Kabla ya Kukata Paa, Uliza Nani Atakaa Chini Yake

Kukata paa la motokaa si sawa na kukata bati la nyumba. Bati la nyumba likiharibika, utanunua jingine, na ukilala usiku mmoja penye matone hutakufa. Lakini paa la gari husafiri pamoja na watu. Siku gari linapopinduka, paa ndilo linalokutana na ardhi kabla ya vichwa vyao.

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Msanzi, katika njia itokayo Sumbawanga kwenda Matai hata Kasanga. Kazi yangu ya kila siku ni kuchomelea majembe ya ng'ombe, baiskeli, mikokoteni na milango. Leo nataka kuwaeleza habari ya kazi moja niliyoifanya pamoja na mpwa wangu, kwa sababu imo faida kwa mafundi, na imo faida kwa wazazi na vijana pia.

Gari lenyewe ni Land Rover ya mwaka 1969, ile ndefu ya inchi 109, yenye viti vya watu watatu mbele na mahali pa mizigo nyuma. Aliliacha marehemu shemeji yangu. Lilikaa miaka mingi chini ya mkaratusi, na masika moja tawi kubwa lilianguka likabonyeza paa kama sahani. Fremu ya kioo cha mbele nayo ililiwa na kutu. Dada yangu alichoka kulitazama. Alipata mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akampa siku 7 za kufikiri. Fedha ile alitaka kumlipia binti yake karo na vifaa vya shule. Hakuna awezaye kumlaumu mjane kwa fikira hiyo.

Ndipo mpwa wangu akanijia na simu yake, ndani yake mna picha za magari ya Marekani. Akasema, "Shikamoo mjomba. Tazama magari haya. Paa limeshushwa mpaka madirisha yamekuwa membamba kama jicho la mtu mwenye usingizi. Paa letu limekwisha kuharibika. Badala ya kulinyosha, tulikate, tulishushe inchi 5. Halitakuwa chakavu tena, litakuwa gari la kutazamwa na watu."

Sikumcheka. Ufundi ule wa kushusha paa una historia yake. Huko California, kabla ya vita kuu ya pili na zaidi baada ya vita kwisha mwaka 1945, vijana walinunua magari makuukuu ya Ford kwa bei ndogo, wakashindana mbio katika maziwa yaliyokauka. Waliona kwamba gari refu hupingwa sana na upepo. Basi wakakata nguzo za madirisha, wakatoa kipande, wakalirudisha paa chini. Baadaye wengine walifanya hivyo kwa ajili ya uzuri tu. Mjini Los Angeles ndugu wawili, George na Sam Barris, walipata sifa kubwa kwa kuyageuza hivyo magari ya Mercury yaliyotengenezwa tangu mwaka 1949.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea kinyume chake. Unguja mafundi wamechukua malori wakayajengea bodi ya mbao na paa la kukinga abiria, na juu ya paa wakapanga vikapu na ndizi. Dar es Salaam zamani palikuwa na magari yaliyoitwa chai maharage, yaani malori madogo yaliyowekwa mabenchi ya abiria nyuma. Huko Marekani walipunguza ili gari likimbie, sisi tumeongeza ili gari libebe. Kwa hiyo nilimwuliza mpwa wangu neno moja tu: "Gari hili litamfanyia nani kazi?" Akanyamaza.

Kisha nikamwonyesha shida ya pili kwa mfano wa kwetu. Kila Mfipa amesikia habari za malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo wazee wetu walizitumia kuyeyushia mawe ya chuma, na mabaki yake yaonekana mpaka leo mahali pengi. Ilungu ni pana chini na jembamba juu. Sasa fikiri unakata pete moja katikati na kuiondoa, halafu unataka kukiteremsha kipande cha juu. Hakitakutana na cha chini. Cha chini kitakuwa kipana, cha juu kitakuwa chembamba. Kichwa cha gari ni vivyo hivyo. Nguzo zake hazikusimama wima kabisa, bali huinama ndani kidogo kadiri zinavyopanda. Ukizifupisha, vichwa vya nguzo vinabaki mbali na kingo za paa. Kwa hiyo anayeshusha paa hana budi kulipanua na kulirefusha pia. Tena kila unachopunguza mbele, kipunguze katika milango, na nyuma, na katika vioo. Ukikata mahali pamoja, umekwisha kukata mahali pote.

Lakini maneno hayamtoshi kijana. Nikachukua ubao, nikaufunga kwa kamba ndani ya gari, inchi 5 chini ya mahali paa lilipokuwa zamani. Nikabandika karatasi za gazeti kuukuu juu ya kioo cha mbele, inchi 5 vilevile. Injini yake ya petroli ilikuwa ikiwaka bado baada ya kusafishwa, basi nikamwambia, "Haya, panda, tuendeshe mpaka shambani."

Mpwa wangu ni mrefu. Alipoketi tu, nywele zake ziligusa ubao. Tulipofika korongo la kwanza alipigwa kichwani, na korongo la pili akapigwa tena. Nikamwambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akacheka, ila kwa uchungu. Tulipopanda kilima, mbele yetu alikuja mtu na ng'ombe wawili. Mimi niliyetazama kwa dirisha la pembeni niliwaona mapema. Yeye hakuwaona mpaka walipokuwa karibu, maana karatasi zilimficha sehemu ya juu ya njia. Akasimamisha gari. Pale pale akasema, "Mjomba, inchi 5 ni nyingi."

Wengine watauliza, kwa nini hatukushusha kiti? Katika Land Rover za namna hii tangi la petroli liko chini ya kiti. Kiti hakina mahali pa kushuka. Huo ndio ukweli wa vitu vilivyotengenezwa kwa akili: kila kimoja kimeegemea kingine.

Jioni ile tulikaa nyumbani kwa dada, na mabinti zake wawili walikuwapo. Kijana alianza kusema "gari langu". Nikamkatiza kwa upole, nikamkumbusha kwamba marehemu baba yake hakuacha mtoto mmoja, aliacha watatu na mama yao. Mali ya urithi haikatwi kwa msumeno wa mtu mmoja. Ndipo dada yangu akasema, "Kaka, mimi sijui mambo ya urembo wa gari. Nauliza hivi tu. Mgonjwa akipelekwa hospitali usiku, ataweza kukaa wima? Nami nikipanda na mtoto mgongoni, nitaingia? Na karo ya binti itatoka wapi, nikimkatalia mnunuzi?"

Nyumba nzima ikawa kimya. Kisha mpwa wangu akasema jambo ambalo sikulitazamia. Alikuwa na magunia 8 ya mahindi ya shamba lake mwenyewe, aliyoyaweka ili anunue pikipiki. Akasema, "Mama, nitauza mahindi nimlipie dada yangu. Wewe usiuze gari la baba." Dada yangu akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Asubuhi yake mnunuzi aliarifiwa kwamba biashara haipo. Nasi tukapatana tushushe inchi 2 tu, kwa sababu fremu ya kioo ilipaswa kukatwa hata hivyo ili kuondoa kutu, na nafasi ya kichwa ingebaki ya kutosha.

Sasa nieleze kazi, kwa faida ya vijana wenye kupenda ufundi.

Kwanza tuliondoa betri, kisha tangi. Tangi la petroli lililo tupu lina hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake hubaki mvuke unaolipuka kwa cheche moja. Usichomelee kamwe karibu na tangi, hata ukiambiwa limekauka. Tuliliweka mbali, ng'ambo ya ua.

Pili tulifungua paa. Hapa ndipo uzuri wa gari hili. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, basi waundaji walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na chuma wakakitumia kwa chesisi na sehemu nyingine zinazobeba uzito. Tena vipande vingi hushikwa kwa bolti. Paa hutoka peke yake, sehemu ya juu ya mlango hutoka peke yake, na fremu ya kioo vivyo hivyo.

Tatu tulipima. Tulipima kwa futi, tukapima kwa timazi, tukapima kwa pimamaji, na kila alama tuliichora pande zote mbili kabla ya kushika msumeno. Siku mbili zilikwisha katika kupima. Majirani walidhani tumekwama.

Nne tulikata fremu ya chuma ya kioo na fremu za milango, tukaondoa inchi 2 penye kutu, tukaunganisha kwa kuchomelea. Alumini hatukuichomelea. Alumini huyeyuka mapema sana kuliko chuma, na mashine yangu ya kawaida ingeitoboa tu. Tuliiunga kwa ribiti. Na mahali alumini inapokutana na chuma tulipaka rangi nzito tukaweka na mpira katikati, kwa maana metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa upesi.

Tano tulilinyosha paa lililobonyea. Tuliweka mfuko wa ngozi uliojaa mchanga kwa chini, tukagonga kwa nyundo ya mti, pole pole, kutoka ukingoni kwenda katikati. Kioo cha mbele kimelala nyuma kidogo. Kilipofupishwa, ukingo wake wa juu ukawa mbele kuliko zamani, pakabaki pengo kati yake na paa. Tukaongeza utepe wa alumini kuliziba.

Sita ni vioo. Kioo kigumu kile ambacho kikivunjika huwa punje punje hakikatiki. Ukijaribu, chote kitapasuka. Kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati hukatika kwa mkono wa anayekijua. Kwa bahati njema gari hili lina vioo viwili bapa mbele, si kimoja kilichopinda, hivyo tulipeleka kipimo Sumbawanga tukakatiwa vipya vya tabaka mbili.

Mwisho tuliongeza kitu ambacho hakimo katika picha za simu. Nyuma ya viti tuliweka upinde wa bomba nene la chuma, tukaukaza kwa bolti mpaka kwenye chesisi. Paa la alumini ni jembamba, halitamwokoa mtu gari likipinduka. Mpwa wangu alilalamika kwamba upinde unaharibu umbo. Nikamwambia, "Umbo ni la watazamaji. Upinde ni wa mama yako." Hakusema neno tena.

Kabla ya kubeba mtu yeyote, gari lilipelekwa kwa polisi wa usalama barabarani likakaguliwa. Nawasihi wote wanaogeuza magari wafanye hivyo. Siku hizi gari hilo hubeba maharagwe na ulezi kwenda Matai, nalo limemlaza mgonjwa mmoja usiku wa mvua mpaka hospitali. Paa limeshuka kidogo tu, ila jicho la fundi hulitambua mara moja. Mpwa wangu hupata vijana wanaokuja kulitazama. Huwaonyesha upinde kwanza.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mimi humfikiri Yosefu mara nyingi nikiwa kazini. Alikuwa fundi, na watu wa Nazareti walikaa juu ya vigoda vyake na kupita chini ya vizingiti vyake bila kujua jina la kila msumari. Ndivyo ilivyo kwa kila fundi: watu huweka miili yao katika kazi yetu bila kuikagua. Na Bwana wetu mwenyewe alitutolea mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

Wazazi, msiyatupe upesi mawazo ya vijana kwa kuwa yametoka katika picha za mbali. Yapimeni pamoja nao, kwa ubao na kamba ikiwezekana, ili waone kwa macho yao wenyewe. Nanyi vijana, kata mnachotaka kukata, lakini mjue kwanza ni cha nani, kinabeba nini, na nani atakaa chini yake. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.