Kahawa ya Nkwenda, Kokoto za Kilosa

Kwetu Nkwenda, iliyo Kyerwa leo na ambayo zamani ilihesabiwa Karagwe, kijana aliyeondoka akarudi mzee bila ng'ombe alisemwa kuwa amepotea. Babu yangu alikuwa huyo. Ujana wake aliumaliza kwenye gengi la Reli ya Kati, upande wa Kilosa. Alipostaafu aliwakuta wadogo zake wana mibuni na nyumba za bati. Yeye ana koti la kazini. Nimekua nikisikia akitaniwa, nami nikatania.

Kilichonigeuza ni safari. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa njia aliyopita babu: gari hadi Omurushaka, tukapita Kyaka, meli ya usiku kutoka Bukoba, kisha treni ya Mwanza. Basi lina haraka zaidi, sikatai, ila nilitaka kuona.

Baada ya Dodoma, kuanzia Gulwe kuelekea Kidete na Kilosa, reli inabanana na mto Mkondoa katikati ya milima. Mahali pengine ukichungulia dirishani huoni tuta, unaona maji. Masika mto hula udongo chini ya mataruma. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yaliichukua reli vipande vipande. "Hapa mto ukikasirika, treni inalala," aliniambia mzee niliyeketi naye. Kando, wanaume walikuwa wakishindilia kokoto, migongo imeloa jasho. Nikajua babu alikuwa akifanya nini miaka yote ile.

Nikaanza kupiga hesabu nyingine. Kahawa ya Karagwe ilishuka Bukoba, ikavuka ziwa, ikafika pwani kwa reli: ama kwa Kisumu na Mombasa, ama, baada ya kipande cha Tabora hadi Mwanza kukamilika 1928, kwa njia hii ya Kilosa. Hayo mabati ya wadogo zake yalitoka wapi?

Tangu 2024 treni ya umeme inaipita milima ya Kilosa kwa mahandaki. Nimeipanda pia, nilifika Dodoma kabla sijamaliza kumuwaza babu.

Siku hizi simruhusu mtu amtanie mbele ya wanangu. Kwenye kikao cha ukoo nilieleza habari ya kahawa na kokoto, nikadhani nimemaliza kesi. Shangazi akanitazama. "Sawa, baba. Sasa mbona katika kahawa yote hiyo yeye hakupata hata debe?"

Kikao kizima kikacheka. Mimi bado namtafutia jibu.