Namba Kwenye Pezi

Nilikwenda Watamu kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili, nikaishia kujitolea katika kituo cha kutibu kasa. Mvuvi akinasa kasa wavuni hupiga simu, kasa hupimwa, na aliye mzima hurudishwa baharini. Wangu alibaki. Ndiyo, nasema “wangu”. Wenzangu pale walishanizoea.

Alikuwa kasa wa kijani, bado mdogo, gamba lake refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa akielea. Plastiki ilikuwa imeziba utumbo, gesi ikajaa ndani, na sehemu ya nyuma ikainuka juu ya maji kama chupa tupu. Kasa asiyeweza kuzama hazifikii nyasi za bahari anazokula, na huko juu boti zinaweza kumgonga.

Kwa wiki 9 nilimlisha ngisi kwa koleo. Kila asubuhi nilichunguza kinyesi chake: vipande vya mfuko, uzi wa nailoni, kitu cha bluu ambacho hatukukitambua. Sikujua mtu mwenye digrii anaweza kushangilia kinyesi kiasi kile. Siku alipozama hadi chini ya tangi na kutulia huko, nilimpigia mama simu.

“Sasa akipona si ataondoka?” akauliza. Mama hajui kuzunguka.

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kwa dakika chache. Tulimbeba hadi mchangani, akajiburuta, wimbi likamchukua. Macho yake yalikuwa yakitiririka, na mgeni mmoja akasema anatulilia. Nilijua ni tezi zilizo karibu na macho, zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini. Siku ile nilitamani nisingejua.

Watu huniambia nifurahi. Nafurahi. Lakini rafiki akihamia Doha hutuma picha, hulalamikia joto, huuliza habari za nyumbani. Huyu ameondoka na kibati chenye namba kwenye pezi la mbele, basi.

Na kibati hicho ndicho kinachoninyima usingizi. Namba ile itasomwa tu akiwa mikononi mwa mtu: amenaswa tena, au amekutwa ufukweni akiwa mgonjwa au mfu. Akiwa jike, huenda siku moja akapanda pwani kutaga, ila kasa wa kijani huchukua miaka 20 na zaidi kukomaa. Akiwa dume, hata hilo halipo, maana kwa kawaida madume hawapandi ufukweni. Na kasa mdogo kama yule humtambui kwa macho kama ni jike au dume. Kwa hiyo kila ninapotamani habari zake, ninamtamania wavu.

Nilimweleza haya mzee aliyemleta kituoni. Alikuwa kivulini akishona nyavu.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nikiwa baharini, mke wangu hapendi kumwona mtu anakuja mbio nyumbani.” Akakata uzi kwa meno, akaendelea na kazi yake.

Nilipokuwa narudi chuoni nilimwomba dada anayetunza daftari la kituo asiniambie namba ile ikitokea. Akakubali, hakuuliza kwa nini.

Siku tatu baadaye nikamtumia ujumbe: ikitokea, nipigie, hata kama ni usiku.