Matairi ya Lori kwenye Mkonga

Ufundi wa matairi niliuanza Nangwa tukiwa bado chini ya mkoa wa Arusha, kabla Manyara haijaundwa mwaka 2002. Aliyenifundisha alikuwa mzee aliyetoka kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO upande wa Basotu, yale yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada. Huko alikuwa amezoea matrekta na malori, na kila tairi alilishika kwa heshima ileile. Hakunianzisha na kuziba pancha. Alinisimamisha mbele ya tairi nisome ubavu wake: ukubwa, plai, uzito linaobeba, upepo linaoutaka. "Kijana, usishike mtaimbo kabla hujasoma," alikuwa akiniambia.

Tangu niwe na kibanda changu, ombi linalonijia kila masika ni moja. Mfanyabiashara wa mahindi au mbaazi anatoka njia ya Gisambalang, gari limepakwa tope hadi vioo, anashuka na kusema, "Fundi, nifungie matairi ya lori." Ukijua udongo mweusi wa huku Hanang utamwelewa. Mvua ikinyesha, tairi pana hujaa tope kwenye vijia vyake, likawa laini kama sabuni na kuteleza juujuu. Tairi jembamba huukata ule ulaini mpaka likafika chini penye ugumu. Nimeona magari mawili yanayofanana yakiingia kwenye tope moja, lenye matairi membamba likatoka, lenye mapana likavutwa na trekta.

Kwa pikapu ya Land Cruiser, ile tunayoiita mkonga, ombi hilo lina jibu zuri. Tairi la Canter la 7.50R16 linakaa barabara kwenye rimu ya chuma ya inchi 16 ya pikapu hiyo. Unapata tairi la plai 14 lenye ubavu mgumu, ambalo miiba ya migunga hailipati kirahisi. Kinachohama ni tairi peke yake. Rimu ya Canter ina matundu 6 yaliyopangwa kwenye duara kubwa zaidi. Mkonga wa kuanzia mwaka 1999 una bolti 5 kwenye duara la milimita 150. Vijana wangu nawafundisha jambo jingine hapohapo: Canter na Fuso nyingi, nati za magurudumu ya kushoto zina uzi wa kinyume. Anayezilazimisha kwa mazoea ya Land Cruiser anakata stadi.

Rimu nyingi za mkonga ni za ringi, na hapa sina haraka na mtu. Ringi ile haishikwi na bolti yoyote. Imekaa kwenye mfereji wake, na upepo wa tairi ndio unaoikaza. Mfereji ukiwa na kutu, au ringi ikiwa imepinda kidogo tu, upepo uleule unaitoa kwa nguvu ya kuvunja kichwa. Namfahamu fundi wa barabara hii aliyepoteza mkono wake hivyo. Kwangu, kabla ya kufungua, upepo wote unatolewa na kipini cha ndani ya valvu kinachomolewa kabisa. Kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Tyubu inapakwa poda, flapu inalazwa isikunjamane. Wakati wa kujaza, gurudumu linafungwa minyororo na ringi inatazama chini, kijana anasimama mbali na mpira mrefu wa kompresa. Haraka ya mteja haijawahi kubadilisha hata hatua moja kati ya hizo, na haitabadilisha.

Mteja mmoja, mzee wa vitunguu, alipoonja 7.50 alitaka kupanda zaidi. Alikuja na matairi ya 8.25R16 yaliyotoka kwenye lori. Nikamwambia, "Mzee wangu, haya yanataka rimu ya upana wa inchi 6.5, yako ni 5.5." Tukapima pamoja. Tairi lina kimo cha sentimita 86 hivi, la zamani lilikuwa 80. Gari lingepanda sentimita 3, steringi ikikatwa yote tairi lingesugua madigadi, na mshale wa spidi ukionyesha 80 gari lingekuwa linakimbia 86. Injini ni ileile, breki ni zilezile, gurudumu limekuwa zito.

Akatoa simu akanionyesha video ya pikapu za Marekani, Ford F-350 na Ram 3500, zimevalishwa magurudumu ya lori la trela, rimu ya inchi 22.5 yenye matundu 10. Nilizitazama kwa makini kwa sababu kazi ile ni nzuri. Lakini haba za magari yale zina bolti 8, ekseli zake ni nene, na kati ya haba na rimu kuna kipande maalumu kilichochongwa kwa vipimo. Huku watu huomba fundi wa kukereza awakatie bamba la chuma na kulitoboa. Bamba lisipokaa katikati ya haba sawasawa, uzito wote unaning'inia kwenye bolti 5, nazo hukatika moja baada ya nyingine. Bamba la namna hiyo sifungi.

Kinachoniumiza hasa ni hesabu ya mzigo. Mtu akiona plai 14 anapakia kwa kutazama tairi, wakati beringi, springi na ekseli zimebaki za pikapu. Na gari likirudi tupu, tairi lililojazwa upepo wa kubebea mzigo hurukaruka kwenye makorongo mpaka chesisi inapata nyufa. Ndiyo maana nikishafunga huuliza uzito wa mzigo, kisha napanga upepo wa mbele na wa nyuma mbalimbali, na kumwambia dereva akifika Babati akaze nati tena.

Yule mzee alibaki na 7.50. Mavuno yaliyofuata alinunua Canter iliyotumika kwa ajili ya magunia, mkonga akauachia njia za shambani. Yote mawili nayahudumia mimi, na matairi anayabadilisha kati ya gari na gari inapobidi. Rimu tumeziandika kwa rangi ili kijana mgeni asizichanganye.