Kapime Presha Kwanza

Ifakara ni mji uliozoea kuhesabu vifo. Tangu mwaka 1996 watu wa Taasisi ya Afya Ifakara wanapita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Msiba ukishapoa huja mtu na dodoso, anaketi na mjane au mtoto mkubwa, anauliza marehemu alianzaje kuumwa: homa ilianza lini, kifua kilikuwa kinabana, mkono wa upande mmoja ulipooza? Ni kazi yenye heshima na imeokoa watu. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha kwamba watoto waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa, vile vya Zuia Mbu vilivyoanza kuuzwa huku mwaka 1997, walikuwa na nafasi ya kuishi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 27.

Nimekaa kwenye mazungumzo hayo katika ukoo wetu. Kuna swali ambalo sijasikia mjane akiulizwa: mumeo alianza lini kushindwa chumbani? Mara nyingi jibu analo. Atakumbuka kuwa ilikuwa msimu ule wa mavuno, mwaka mmoja au mitatu kabla ya kiharusi, na kwamba mume aligeukia ukutani na hawakulizungumza tena. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika, maana siku hizi linasemwa jambo lingine kuhusu chumba hichohicho: kwamba dawa za nguvu za kiume zinaongeza miaka ya kuishi. Vijana wanalisoma kwenye simu na wazee wanalisikia kwa vijana. Si uongo mtupu. Tatizo ni lile linaloachwa nje linaposimuliwa.

Nianze na mwili wenyewe. Mwanamume husimamisha kwa damu. Mishipa inalegea, damu inajaa, inabaki pale. Mishipa hiyo ni myembamba, upana wake ni milimita moja hadi mbili, wakati ile inayolisha moyo ni milimita tatu hadi nne. Kisukari, presha, sigara na mafuta vinapoanza kuharibu mishipa, vinaiharibu yote kwa pamoja, ila iliyo myembamba ndiyo inayolalamika mapema. Anayelima mpunga Kilombero anaelewa: tope likianza kujaa, kijaruba kinachonyweshwa na mfereji mdogo ndicho kinachokauka kwanza, huku mfereji mkubwa bado unaonekana mzima. Madaktari wa moyo wanasema kushindwa huko kwaweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka miwili hadi mitano. Utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wanaume wenye kisukari, ukachapishwa mwaka 2014, ulikuta zaidi ya nusu yao wana tatizo hili. Sidhani kama hata robo yao walikuwa wamelisema kabla ya kuulizwa.

Mjomba wangu anaishi Kivukoni, ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Maisha yake yote kuvuka kwenda Ifakara kulikuwa ni kusubiri pantoni, na Januari 2016 kivuko kilipopinduka alikuwa miongoni mwa waliokesha ukingoni. Kisha likaja daraja, mita 384, likafunguliwa rasmi mwaka 2018. Daraja lilileta saruji, lilileta bei nzuri ya mpunga na perege, lilifanya mjamzito afike hospitali usiku. Lilileta pia bodaboda wenye mikoba ya dawa. Sasa mtu hahitaji kwenda mjini kununua vidonge vya nguvu za kiume. Vinamfuata gengeni, pamoja na mitishamba kama vumbi la Kongo, mkuyati, na chupa za alkasusu zilizofungwa kwa mfuniko wa soda.

Nimewahi kusimama karibu biashara hiyo ikifanyika. Mteja alikuwa mtu mzima, kofia mkononi. Alisubiri kinamama wawili waondoke. Hakutaja jina la dawa; alisema tu, "Nipe ile." Muuzaji akatoa pakiti, akakata kidonge kimoja kwa mkasi, na mkasi ulipita katikati ya maandishi, kwa hiyo kipande alichopewa mteja hakikuwa na jina la dawa wala tarehe ya kuisha. Kikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Hakuna aliyeuliza kitu. Ilikwisha kabla chai yangu haijapoa, na aliyeondoka na ule mkunjo wa gazeti alikuwa anahema kwa kutembea kutoka barabarani tu.

Mjomba naye angeweza kununua hivyo. Kilichomwokoa ni kwamba shangazi, mkewe, hakutaka kunyamaza. Alimwambia mbele yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kama anatafuta dawa akatafute kwa daktari. Akaenda zahanati. Tabibu alikuwa kijana wa umri wa wanawe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Jogoo hapandi mtungi."

Yule kijana hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alivuta mashine, akamfunga mkono, akapima, akasubiri, akapima tena. Namba ya juu ilikuwa karibu 190. "Mzee, hii dawa unayoitaka nitakuandikia, ila si leo. Leo tunaanza na hii presha." Mjomba alirudi nyumbani amekasirika. Alikuwa amefuata kitu kimoja, akarudi na kingine.

Ndiyo maana habari za kuongeza maisha nazisoma taratibu. Dawa ya kwanza ya aina hii, sildenafil, ilitengenezwa na watafiti wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, waliokuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya moyo. Kwa moyo haikufua dafu, lakini wanaume waliojitolea kwa majaribio walitoa taarifa ya jambo jingine, na mwaka 1998 Marekani ikairuhusu kama Viagra. Mwaka huohuo Tuzo ya Nobeli ya tiba ilikwenda kwa Furchgott, Ignarro na Murad, walioonyesha jinsi gesi ndogo iitwayo oksidi ya nitriki inavyoiamuru mishipa ilegee. Dawa hizi zinafanya kazi kwenye njia hiyohiyo: zinazuia kimeng'enya kinachokatisha amri ile. Kwa kuwa mishipa ya mapafu nayo inasikia amri hiyo, mwaka 2005 sildenafil iliruhusiwa kutibu presha ya mapafu. Kwa hiyo ni dawa ya mishipa tangu kuzaliwa kwake, na si ajabu watu kuuliza kama inaweza kuulinda moyo.

Waliouliza walipata majibu ya kutia moyo. Wasweden walifuatilia wanaume wenye ugonjwa wa moyo na mwaka 2021 wakaripoti kwamba waliotumia vidonge hivi, zaidi ya 16,000, walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 12 kuliko wenzao wapatao 2,000 waliotibiwa tatizo hilohilo kwa dawa nyingine, alprostadil. Marekani, mwaka 2023, utafiti mwingine ulikuta upungufu wa vifo wa asilimia 25. Uingereza, mwaka 2024, rekodi za wanaume karibu 270,000 zilionyesha waliopewa dawa hizi walikuwa na hatari iliyo ndogo kwa asilimia 18 ya kupata ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer, ingawa miaka miwili nyuma watafiti wa Marekani walikuwa wamelitafuta hilohilo wasilione.

Sasa tazama hao wanaume ni akina nani. Wote waliandikiwa dawa na daktari. Kabla ya kuandikiwa, presha yao ilipimwa, moyo wao ulijulikana, na dawa zao nyingine zilikuwa kwenye rekodi. Ni watu wenye wenza, wenye hamu, wenye nguvu ya kutosha kutaka tendo. Mgonjwa aliye hoi haombi kidonge hiki. Tafiti hizi zilitazama rekodi tu, hazikuwagawa watu kwa kura, hawa wapewe na wale wasipewe. Inawezekana kidonge kinasaidia kweli, na ningefurahi kikithibitishwa. Lakini inawezekana pia kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo iliyoongezeka ilitoka kwenye mlango wa daktari walioupitia, na sisi tumechukua kidonge tukauacha mlango.

Na bila mlango huo, hatari zake si ndogo. Mtu mwenye maumivu ya moyo huweza kupewa vidonge vya nitrati, vile vya kuweka chini ya ulimi. Nitrati na sildenafil zikikutana, mishipa inalegea mara mbili, presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa usiku huo. Baada ya sildenafil inabidi zipite saa 24 kabla ya kuguswa nitrati, na baada ya tadalafil, ile inayodumu muda mrefu, saa 48. Aliyenunua kidonge kilichokatwa jina hajui hata ni ipi kati ya hizo mbili. Akianguka, wanaomkimbiza hospitali hawatajua, maana hakumwambia mtu, na daktari wa zamu anaweza kumpa nitrati kwa nia njema kabisa.

Jingine linatuhusu sana sisi wa bonde hili. Kliniki ya magonjwa sugu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imefuatilia maelfu ya watu wanaoishi na VVU tangu mwaka 2005. Wengi wao sasa ni watu wazima wenye afya na wenye ndoa, na hilo ni moja ya mambo mema kabisa niliyoyaona Ifakara. Baadhi wanatumia dawa za mstari wa pili, zenye ritonavir ndani. Ritonavir inalizuia ini kuivunja sildenafil, kiasi kwamba dawa inayobaki kwenye damu hupanda mara kumi na zaidi. Ndiyo maana maelekezo yanasema mtu wa namna hiyo asizidishe miligramu 25 kwa saa 48. Kidonge cha gengeni huweza kuwa miligramu 100. Mtu anayemeza ARV zake kwa siri na kidonge hiki kwa siri, amejiwekea siri mbili juu ya moyo mmoja.

Wenye selimundu nao wana sababu yao ya kuogopa. Majaribio ya sildenafil kwa wagonjwa wa selimundu yalisimamishwa mwaka 2009 kabla ya muda kwa sababu waliopewa walipata maumivu makali zaidi. Wao pia, hata bila dawa, hupata hali ya kusimama kusikoisha, ambayo ikipita saa nne inahitaji hospitali, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama ni aibu.

Na mitishamba? Mimi sidharau mitishamba; nimelelewa kwayo. Lakini maabara za nchi mbalimbali zimekuta sildenafil ndani ya unga na vidonge vilivyouzwa kuwa ni mizizi mitupu. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayekimbia dawa za hospitali kwa kuogopa kemikali anaweza kuwa anakunywa kemikali ileile kwenye alkasusu, kwa kipimo ambacho hata aliyeichanganya hakijui.

Kuna jambo moja la furaha nisiliache, kwa kuwa linatuhusu watu wa mbu. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha maabara kwamba sildenafil inazifanya chembe za damu zenye vimelea vya malaria, vile vinavyosubiri kufyonzwa na mbu, zikakamae kiasi cha kuweza kunaswa na wengu. Walifikiria kuitengeneza upya dawa hiyo, waiondoe kazi yake ya chumbani, ibaki na hii ya kuzuia malaria isisambae. Niliposoma nilifikiria Kivukoni, mahali ambapo mbu wamechunguzwa kwa miaka mingi, na nikawaza kama kidonge kile kitakuja kuuzwa hadharani hapahapa kwa jina jingine.

Mjomba alianza dawa za presha. Miezi michache baadaye alitaka kuziacha, kwa sababu wenzake walimwambia dawa za presha ndizo zinazomaliza nguvu. Wenzake hawakukosea kabisa: baadhi ya dawa hizo huweza kuleta shida hiyo, na tabibu alimbadilishia moja. Wanaume wangapi wameacha dawa ya presha kimya kimya kwa sababu hiyo, wakapata kiharusi, na ndugu wakatafuta mchawi? Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu dawa mbadala ipo, na kinachotakiwa ni sentensi moja tu mbele ya daktari.

Ile dawa aliyoifuata aliandikiwa baadaye, kwa kipimo kidogo, presha ilipotulia. Anaitumia au haitumii, hayo ni yake na shangazi. Ninachojua ni kwamba mdogo wake alipomjia mwezi mmoja baadaye, akiuliza kwa kuzungukazunguka bodaboda yupi ana vidonge vya kuaminika, mjomba hakumpa jina la mtu. Alimwambia, "Kapime presha kwanza. Na uwaambie kilichokupeleka." Jumatatu yule mdogo akavuka daraja. Presha yake ilikuwa sawa. Sukari ndiyo iliyokuwa juu, naye hakuwa na habari.