Baridi Yabisi Yenye Moto

Kwa Kiswahili ugonjwa wa dani yangu unaitwa baridi yabisi. Baridi, na ukavu. Aliyeubatiza hivyo hakuwahi kumshika dani mkono saa kumi na mbili asubuhi hapa Awendo. Vifundo vya vidole vina joto, vimejaa maji, na havikunjiki mpaka jua lipande. Kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili.

Majirani wanasema ni miwa. Amepalilia miwa miaka na miaka, ya kiwanda cha Sony, kwa hivyo eti mifupa imechoka. Lakini uchovu wa kazi huuma jioni na kupoa usiku. Vidole vyake huamka vibaya zaidi baada ya kulala, kushoto na kulia, vifundo vilevile. Daktari aliita rumatoidi athraitisi: kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe.

Inavyofanya hivyo ni kwa umbea, bana. Kemikali ya kupeleka habari, mfano intaliukini 6, inatua juu ya seli nyeupe ya damu. Haiingii, inabisha tu. Nyuma ya mlango kuna vimeng'enya viwili vinavyoitwa JAK. Mlango ukitikisika, vinasogeleana na kupachikana fosfeti, kisha vinaipachika protini iitwayo STAT. Hiyo nayo inaungana na mwenzake, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni. Seli inaanza kutengeneza kemikali za kuita wengine. Mishipa midogo inavuja, kifundo kinajaa, seli zaidi zinafika, nazo zinabisha kwa jirani. Hakuna mdudu yeyote hapo, ni habari tu inayozunguka, na gegedu inaliwa polepole.

(JAK ilipewa jina la Janus, mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili, kwa kuwa ina sehemu mbili zinazofanana: moja inafanya kazi, nyingine inaizuia. Mimi jina hilo nalipenda kuliko baridi yabisi.)

Dawa ya kuizima JAK ipo. Tofasitinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Nilimweleza dani haya yote kwa Kijaluo changu cha kuokoteza, akasikiliza, akauliza: "Nyakwara, hao wabeba habari si ndio walionipigania nikiwa na malaria?"

Ndio hao, Dani. Ndiyo maana kabla ya kuanza dawa hiyo lazima upimwe TB, kwa sababu ile iliyolala kifuani inaweza kuamka.

"Basi wasizimwe wote."

Hata tungetaka, bei yake si ya nyumba yetu. Anameza metotreksati, ya zamani na nafuu, mara moja kwa wiki, Jumapili akitoka kanisani. Vidonge nakaa navyo mimi. Vikimezwa kila siku, kama zile dawa zake za presha, vinaua.