Mstaarabu wa Matrah

Jioni ya Matrah, jua likishajificha nyuma ya milima, watu hujaa kwenye njia ya pwani. Nilikuwa napita karibu na mlango wa soko, Kiarabu huku, Kibaluchi kule, mara nyuma yangu bibi mmoja akamwambia mjukuu wake: "Hebu kuwa mstaarabu, waache watu wapite!"

Nikageuka kama niliyeitwa jina. Shikamoo, marahaba, tukakaa ukutani kutazama majahazi.

Neno lile kulisikia Maskati kuna mambo yake. Asili yake ni Kiarabu, na mustaarib ni mtu asiyezaliwa Mwarabu ila ameshika lugha na mila za Waarabu. Wakristo wa Andalusia walioishi chini ya utawala wa Waislamu ndilo walilopewa, na Wahispania mpaka leo wanasema mozárabe. Pwani kwetu tulikuwa na uungwana. Ustaarabu ulishika nguvu karne ya 19, Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, na mtu wa mjini akaanza kupimwa kwa jinsi anavyofuata mavazi na maneno ya wakubwa wale. Baadaye Uarabu ukachujuka, ikabaki adabu. Konda wa Dar es Salaam akiwaambia abiria wawe wastaarabu, anataka wasisukumane tu.

Basi wafikirie waliovuka kuja huku baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Unguja waliitwa Waarabu. Walipofika Oman wakaitwa Wazanzibari, maana wengi Kiarabu kiliwapiga chenga. Kiingereza walikuwa nacho na kazi walipata, lakini sokoni walikuwa wageni. Iliwabidi wastaarabu kwa maana ile ya kale kabisa, watu wazima na watoto wao.

Bibi alikuja akiwa mwari. "Dukani nilikuwa naonesha kwa kidole kama bubu," alisema. "Jirani akinicheka, nami nikicheka. Nikaja nikakijua. Lakini chapati sikuacha, na Kiswahili nyumbani sikuacha."

Mimi ninayelea watoto Uingereza nilimsikiliza kwa makini. Huko tunahimizwa kila siku tujichanganye, na wanangu wamejichanganya hadi wananijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili. Nikamuuliza kama mjukuu anaelewa anaposemeshwa.

"Anaelewa. Kujibu ndiyo hataki."

Mtoto mwenyewe alikuwa amesogea pembeni, mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akapita. Nikamuuliza bibi, kwa Kiarabu angemwambia nini mahali pa mstaarabu?

Akafikiri kidogo. "Muaddab. Wanasema muaddab." Akatikisa kichwa. "Lakini silo."

Kisha akamwita, kwa Kiswahili, waende kununua halua kabla duka halijafungwa.